Asilimia Mbili

Saa tisa za usiku Asgrimur alinipigia:
"Imesimama katikati ya ujia. Inahema."
Hakuongeza neno. Watu wa Skagafjordur
huweka maneno akiba, kama makaa.

Nikafika, theluji ikinifika magotini.
Zizini mna joto la ng'ombe sitini,
na ile roboti ya kusukuma nyasi, pipa la chuma la manjano,
imeganda mbele ya kizimba cha tano,
feni yake ikilia kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Nikakalia ndoo, kompyuta mapajani,
nikaiita orodha. Kazi yangu ndiyo hiyo:
kusoma nani anakula nini.
Magurudumu: asilimia moja. Ramani: mbili.
Kipima-umbali, jicho lisilolala: tatu.
Na kamera,
kamera peke yake imeikalia kumbukumbu, tisini na moja,
wenzake wanagombea makombo.

Kikulacho ki nguoni mwako:
programu ya kamera niliiandika mimi, mwezi Oktoba,
nikiwa na mafua na haraka.
Kila pua iliyopita ilipaswa kutazamwa,
kuhesabiwa, kuachiwa.
Sikuandika kuachia.
Tangu Jumapili imeshika kila pua.

"Picha zote zimo?" akauliza Asgrimur.
"Zimo."
"Na za Hyrna?"
Nikatupa jicho kizimba cha kumi na saba. Kilikuwa kimefagiliwa.
Lori la machinjioni lilikuja Jumanne.

Sikumweleza kwamba kumbukumbu ya namna hii
si albamu, haina kurasa,
ukizima imekwenda, kama mvuke wa pumzi kiooni.
Nilisema tu, "Haziokoleki."
Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.
"Basi fanya."

Kwanza huiomba programu kwa adabu:
maliza ulichoshika, funga mlango, toka.
Nikahesabu hadi kumi. Haikutoka.
Ombi la pili si ombi. Yenyewe hata hailisikii;
linapita juu ya kichwa chake hadi kwa mwenye nyumba,
na mwenye nyumba hulifuta jina.
Tisini na nane, kisha saba.
Feni ikashusha sauti. Ng'ombe mmoja akacheua.

Nikaandika mstari uliokosekana. Nikaweka na kikomo,
na mlinzi mdogo wa kuchungulia kila dakika:
akiona tumbo limezidi, agonge kengele
kwangu, asimwamshe mzee.

Roboti ikatikisika, ikaondoka,
ikisukuma nyasi midomoni, kizimba baada ya kizimba.
Ilipofika cha kumi na saba ikapunguza mwendo,
ikasogeza fungu, taratibu, hadi kwenye chuma,
mahali pasipo na mdomo.

Ramani hiyo. Bado inamjua.

Asgrimur akanitazama.
Orodha ilikuwa wazi, kidole kiko juu ya kitufe.
"Asilimia mbili," nikasema. "Haimsumbui mtu."
Nikafunga kompyuta.