Shelisheli Lisiguse Chini

Mimi nilikuwa juu, yeye chini.
Hivyo ndivyo ilivyoanza, mengine ni ya redioni.
Mtambwe, nyuma ya choo cha bibi Mkasi:
shelisheli likianguka hupasuka,
na lililopasuka, Wete sokoni hawalitaki.
Basi nakata kikonyo, naita, "Shaame!"
naye, miaka saba, kaptura ya kuazima,
anakimbia akinipa mgongo,
haitazami mikono yake,
anatazama tunda
mpaka liingie kifuani, tii.
Utomvu ulimganda shingoni wiki nzima.
Sikumbuki aliangusha mangapi.
Yeye anakumbuka: manne.

Mwaka ule watu walipopanda mashua usiku kwenda Shimoni
mjomba alimbeba yeye.
Mimi nilibaki na mama
kwa kuwa nilikuwa na jipu mguuni.
Jipu tu.

Huko baridi. Huko mpira una ncha mbili,
haudundi pale unapoudhania.
Akanipigia: "Kaka, huku wananilipa kudaka mashelisheli."
Nikacheka. Akanitajia kiasi.
Nikaenda nje kukaa.

Kwenye fulana hakuandika Faki.
Jina la babu, kwa masikio yao, lakaribia tusi.
Akaandika MTAMBWE, nambari kumi na tisa,
na watu elfu sabini, vikombe vya bia mkononi,
wakaliita shamba letu kwa kelele.
Mama alitaka kujua kitu kimoja:
walau wanalitamka sawasawa?

Misimu saba. Naijua kwa saa tisa za usiku,
simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa,
bando likikatika mpira ungali hewani.
Mrushaji keshauachia, Shaame keshageuza shingo,
na kiduara kinazunguka,
kinazunguka.
Mara ngapi nimekwenda kuswali alfajiri
sijui kama alidaka.

Msimu wa pili alikusanya yadi mia tisa na kitu.
Nilizipima kwa hatua: kutoka mlangoni kwetu
nikafika skuli, zikabaki kidogo, nikaingia uani.
Mwaka mzima, kwa mshahara ule, mbavu mbili,
mtu amefika skuli!
Sikumwambia.

Wa nne, goti.
Wa tano wakamwacha, wengine wakamwokota,
wakamwacha nao, Jumanne, kwa simu,
yuko dukani ananunua sabuni.
Nikamwambia naelewa. Hata sisi twachambua,
karafuu jamvi hili, makonyo jamvi lile.
Akanyamaza. Kisha: "Makonyo nayo huuzwa."
Huuzwa, ndugu yangu.
Bei yake unaijua.

Amerudi msimu huu wa karafuu, thelathini na moja,
mabega hayapiti vizuri mlango wa jikoni.
Kidole chake cha mwisho kimegeukia nje
kama mgeni anayetaka kuaga.
Watoto wanamvizia wamwone akikimbia; anawagawia peremende.
Ameniuliza mama amezikwa wapi.
Nikampeleka, nikamwonesha.
Jioni ameniuliza tena.
Nikampeleka tena, tukaenda na tochi.

Leo asubuhi amesimama nyuma ya choo cha bibi Mkasi,
choo chenyewe kimebaki msingi.
"Panda," anasema.
Nina miaka thelathini na sita na tumbo. Nimepanda.
"Kata."
Goti lako, nasema.
"Kata, Hamadi!"
Na keshanipa mgongo, keshaondoka,
mbio zile zile, kwa ubishi, mguu mmoja ukichelewa,
uso juu, mikono wazi,
wala haitazami mikono.
Nikakata.

Lilipita katikati ya vidole, pale pa kile kilichogeuka,
likapiga jiwe la msingi, likafunguka jeupe.
Kuku wakaja.
Shaame akaliangalia, anahema, utomvu kwenye kiganja.
"La tano," akasema.