Kipande

Baba alikata mkonge Ngomeni.
Siku thelathini, alama thelathini;
ikipungua moja, karani hasikii homa wala msiba.

Na kanisani akaenda hivyohivyo:
zaka, alama. Kwaresima, alama.
Ulevi wa Jumamosi akaufuta kwa magoti.

Usiku ule Bombo, kifua kikikoroma,
akaniuliza: "Singano, zimetimia?"
Nikahesabu vidole vyake. Saba.
Vitatu alikiachia kinu.

Hazijatimia, baba.
Hazitimii.
Yuko mmoja aliyemaliza kazi Ijumaa, saa tisa,
akaandikisha mshahara kwa jina lako.

Kimya.
"Bila mimi kukata hata tita?"
Hata tita.

Akakunjua ngumi polepole.
Ndani hamkuwa na kitu,
wala hakushtuka.