Magadi

Kidato cha Kwanza B, saa nne asubuhi,
ukungu umekaa madirishani kama mgeni asiyeaga.
Nimechora piramidi, upande mmoja umepinda.
Wanaandika polepole; baridi ya Tandala imewashika vidole.
Ndipo Obedi Tweve, asiyenyooshaga mkono:
"Mwalimu, waliwakausha wafu wao kwa nini?"
"Kwa magadi," nikasema. "Siku arobaini."
Darasa likacheka.
"Siulizi kwa kitu gani. Nauliza kwa sababu gani."

Jibu la kitabu ninalo: waliamini maisha ya baadaye.
Nikaliandika ubaoni. Wakalinakili.
Kengele ikaniokoa.

Magadi.
Yale yale ya kwenye kopo la mama, juu ya kinu,
aliyotia kwenye maharage yalipokuwa magumu
akasema, haya nayo yana kiburi.
Sijalifungua kopo hilo tangu Juni.

Sikumwambia Obedi
kwamba kabla ya Farao yeyote, kwenye jangwa la mbali
linalotazama bahari nyingine,
wavuvi wasio na mfalme walianza na watoto wachanga:
vijiti badala ya mifupa, udongo usoni,
wakawachora na midomo.
Hapo hapana kiti cha enzi.
Hapo kuna mama tu, ameambiwa azike, amesema ngojeni.

Wala sikumwambia
kwamba sweta ya mama, ile ya kijani yenye kiwiko cha kiraka,
nimeitia katika mfuko wa plastiki
nikaufunga fundo tatu.
Ina moshi, ina pareto, ina jasho la mteremko wa kisimani.
Mara mbili nimeufungua nikavuta pumzi,
na mara ya pili harufu ilikuwa imepungua.
Kumbe pua yangu ndiyo mwizi.
Sasa nakaa nao mapajani, sifungui.

Ubongo waliutoa puani kwa ndoano, wakautupa.
Moyo wakauacha palepale.
Na mimi nimesahau siku aliyonunua sweta ile,
nimesahau bei aliyoililia mwezi mzima,
ila namna alivyovuta mikono yake kufunika viganja
akiniaga stendi, hiyo ipo.

Jana nilipanda darini jikoni.
Mahindi yake ya mbegu bado yananing'inia,
maganda yamefungwa mawili mawili,
meusi kwa moshi wa miaka, makavu, yamenyamaza.
Mgeni angesema haya yamekufa.
Mama hakuyala hata mwaka ule wa njaa
tulipopika mizizi.
Nikayapukuchua kwenye khanga.
Punje nyingine fukusi wamezitoboa.

Mvua imeanza Jumanne.
Nimechimba mashimo kwa hatua zake, si zangu, zake fupi,
mbegu mbili mbili, na zile zenye tundu nimezitia pia.
Obedi, jibu lako bado silijui vizuri.
Njoo Jumamosi na jembe.