Miti Miwili ya Sentensi Moja

Chumbageni, ghorofa ya pili.
Chini Kibwana ananyoosha rimu za baiskeli kwa nyundo,
juu mimi naifundisha mashine Kiswahili
kwa kanuni zinazoenea kiganjani:

S → KN KT

Sentensi ni kirai nomino, kisha kirai kitenzi. Basi.
Mshale hauulizi nani kasema,
wala kama alikuwa na njaa.
Ndiyo maana ikaitwa sarufi isiyojali muktadha:
ukiiona KN, ifungue, ukiiona KT, ifungue,
wa kushoto na wa kulia hawakuhusu.
Tanga hii! Mtu apike pweza Barabara ya Kumi na Nne,
majirani wasihusike?

Siku ya kwanza ikanitungia:
*Kiti amechoka. Mwalimu kimevunjika.*
Nilicheka hadi Kibwana akapanda kuuliza kulikoni.
Ikabidi nigawe kanuni kwa ngeli,
M-WA na kitenzi chake, KI-VI na chake,
moja ikazaa nyingi kama panya wa ghala la katani.

Ipo moja ndogo niipendayo:

KN → KN -a KN

Kirai kinachojimeza chenyewe na kisishibe.
*Pampu ya shemeji wa jirani wa fundi wa Pongwe*,
unaweza kwenda hivyo hivyo hadi Muheza kwenye machungwa
na bado hujafika kwenye kitenzi.
Kibwana akaitazama, akasema,
"Hivyo ndivyo watu wanavyonikopa."

Jana nikaipa sentensi ambayo sikuitunga.
Ilinijia kwenye simu, Aprili ya mwaka juzi,
kutoka kwa kaka yetu Mbelwa, asiyepoteza maneno.
Wiki ile Mwanakheri alikuwa amelazwa Bombo,
na mwanawe yuko Korogwe kwa shangazi.

*Tunamsubiri mtoto wa dada aliyefariki.*

Haikuchukua hata sekunde.
Ikanichorea miti miwili.

Katika mti wa kwanza *aliyefariki* limening'inia kwa *dada*:
Mwanakheri hayupo,
na mwanawe yuko basini, Segera kapita,
amekumbatia begi la shule.

Katika wa pili limening'inia juu zaidi, kwa *mtoto*:
Mwanakheri amekaa mkekani,
na anayesubiriwa analetwa kutoka Korogwe
kwa gari la kuazima, polepole.

Chini ya yote miwili mashine imeandika: SAHIHI.

Siku ile nilipanda baiskeli, mlango nikauacha wazi.
Nilikuwa na sentensi, sikuwa na kingine.
Kila kona nikalihamisha lile neno,
hapa kwa dada, hapa kwa mtoto,
nikamuua mmoja ili mwingine apone,
nikamrudisha, nikamuua tena.
Barabara ya Nne. Ya Tisa. Ya Kumi na Moja.

Uani nikamkuta Mwanakheri,
bado ana plasta ya dripu mkononi.
Nikafurahi.
Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:
nusu ya pumzi, nilifurahi.
Kisha mti wa pili ukaniangukia na matawi yake yote.

Aliitwa Shebe. Miaka tisa.
Alikuwa bado anachanganya *-nge-* na *-ngali-*.
*Angekuja ningalimpa*, aliandika,
na mwalimu akapiga mstari mwekundu,
na daftari ninalo mimi.

Kibwana ananishauri nifute mti mmoja.
"Si unaujua wa kweli?"
Naujua. Lakini mashine haikuwepo uani,
na siwezi kuiandikia kanuni ya plasta ya dripu.
Nimeiachia yote miwili.

Usiku mwingine, kabla umeme haujakatika,
naufungua ule wa kwanza.
Humo Shebe bado yuko basini, Segera kapita,
atafika kabla ya alasiri,
na dada sina.
Naufunga.