Nyaya Nne

Oktoba, Minot. Umande umeganda juu ya boneti
nami nimelala chali ndani ya buti ya kigari cha buluu,
miguu nje, kama mzigo uliopakiwa vibaya.
Orrin amekaa kwenye kiti cha kukunja,
blanketi magotini, tochi mkononi.
Mwanga unatangatanga: mara kwenye waya,
mara kwenye paa la gereji, mara usoni pangu.
"Hapa," namwambia. "Hapa, mume wangu."
Unarudi kama mtoto aliyeitwa mara mbili.

Miaka thelathini na moja alipanda nguzo za simu.
Nyaya mia sita alizijua kwa rangi,
theluji ikimchapa mbavu.
Kisha Machi, asubuhi moja, kijiko kikamtoka mkononi
na maneno yakakifuata kijiko.
Mengine tumeyaokota.
Rangi hazikurudi, wala kushoto, wala kulia.

Kwa hiyo kazi ni yangu.
Nne tu, Arlys, najiambia, si mia sita:
wa kahawia kwa taa za usiku,
wa manjano kushoto, wa kijani kulia,
na mweupe, wa kufunga kwenye bati.
Na hizi diodi, kila moja ndogo kuliko kiberiti,
mlango unaofunguka upande mmoja tu:
umeme wa nyumba yetu ya magurudumu uingie kwenye taa
usirudi kuunguza fyuzi za kigari.
Orrin aliwahi kunieleza, mezani,
kwa kopo la chumvi na kopo la pilipili,
nikaitikia "ee" huku nikiwaza mengine.
Leo naichimba ile "ee"
nione kilichobaki chini yake.

Nyuma ya zulia la buti, kiota cha panya:
maganda ya alizeti, nyuzi za soksi,
kipande cha risiti ya duka la viatu.
Mwenyewe keshahama.
Nasi tunahama, hadi Yuma, maili elfu moja na mia saba,
kigari nyuma yetu kwa magurudumu yake manne,
injini imezimwa, gia haiko popote.
Kitavuka majimbo na hesabu yake ya maili
haitasogea hata nukta.
Mwaka huu nimeishi hivyo, siku nyingi.

Kujaribu ni kazi ya wawili,
mmoja akanyage, mwenziwe aangalie.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
na vyangu kumi vimevimba viungo.
Nikamweka Orrin nyuma ya kigari, pembeni kidogo, nimwone.
Nikapanda kwenye usukani, nikawasha indiketa ya kushoto.
"Ipi?"
"Kulia!"
Nikashuka. Nikafungua tepu, nikakagua, nikafunga tepu.
"Ipi?"
"Kulia!"
Mara ya tatu nikaacha kusikiliza, nikatazama kioo.
Mdomo ulisema kulia
na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, umenyooka,
ukifumba na kufumbua, ukifumba na kufumbua,
sawasawa na taa.
Nilipowasha ya pili, mkono wa kulia haukuweza kupanda.
Vidole vitatu vilicheza juu ya blanketi.
Vilitosha.

Breki ikawaka kizembe, kama kaa la jana.
"Ardhi," akasema Orrin.
Nikadhani anataka kushushwa chini.
"Ardhi!" Akapiga goti kwa ngumi. "Ardhi, Arlys!"
Nikasimama na koleo langu, mjinga,
mpaka nikaukumbuka ule mweupe.
Kutu. Nilikuwa nimeufunga juu ya kutu.
Nikakwangua kwa kisu cha viazi hadi bati likang'aa,
nikakaza nati, nikapanda, nikakanyaga.

Giza lilikuwa limeanza kuingia.
Ukuta wa akina Solheim, ng'ambo ya njia,
ukageuka wote.
"Hiyo," akasema Orrin. "Hiyo ni..."
Akakunja uso. Akaitazama.
Neno lilikuwa mdomoni mwangu, sikulitoa.

Mguu wangu bado uko kwenye breki.