Bwana Kombo wa Barabara ya Kumi na Mbili

Gazeti hufika na basi la Dar, Jumamosi,
limekunjwa, lina joto la injini,
na kabla ya siasa, kabla ya mpira, kabla ya tanzia,
Kaoneka hufungua ukurasa wa kumi na nane,
akautandaza juu ya kioo cha meza yake ya ufundi
ambamo saa ishirini na tatu zinabishana
ni saa ngapi hapa Ngamiani.

Sheria ni chache.
Penseli kwanza. Kalamu ni ya Mwanakheri peke yake,
mwandiko wake umezoea visanduku vidogo
vya chati za wagonjwa kule Bombo.
Bendera haruhusiwi kugusa karatasi:
katoka buchani, kucha zake zinasema.
Kamusi imefungiwa kwenye droo, ufunguo anao Othmani,
na droo haifunguliwi mpaka sote watano
tutamke, kwa sauti, "Tumeshindwa."
Bendera hajawahi kulitamka. Hukohoa tu,
nasi tunakihesabu kikohozi.

Jumamosi ile, tisa mlalo:
"Hutupatia kamba. Herufi sita."

"Mkonge," nikasema,
mimi ambaye baba yangu bado ana mwiba wake kiganjani.
"Mkonge ni mmea," akajibu Kaoneka, lenzi jichoni.
"Mmea haukupi kamba, hukupa jasho. Weka katani."
Sita, na sita. Tukatazamana.
Bendera akacheka cheko la mwenye turufu:
"Nani kawaambia kamba ya kufungia?
Mimi naona sahani. Naona ndimu, naona pilipili.
B, A, H, A, R, I!"
Sita tena.

Ikawa zogo. Muuza bajia akasimama kusikiliza,
akatoa jibu lenye herufi kumi na moja,
tukamshukuru.
Mwanakheri, katoka zamu ya usiku,
alikuwa kalala kwa kukaa, shavu ukutani,
na humo humo usingizini akauliza:
"Herufi ya tatu inasemaje?"

Tatu wima. "Hapa garimoshi hupumua."
Othmani, miaka thelathini na mmoja behewa la mwisho,
hakugusa penseli.
Alilisema polepole, kama anawaamsha abiria:
"Ste-she-ni."
T ikatua katika kisanduku cha tatu.
Katani.
Bendera akakohoa. Tukahesabu.

Kuponi moja, bahasha moja, stempu ya kuchangishana.
Na jina? Mstari ni mmoja, sisi watano.
Tukachukua kichwa cha kila jina,
Kaoneka, Ombeni (ndiye mimi), Mwanakheri, Bendera, Othmani,
tukamzaa mtu asiye na mama wala cheti:
Bwana Kombo, wa Tanga.
Nikampeleka posta kwenye keria ya baiskeli.

Wiki ya nne, akashinda.
Jina lake kwa wino mzito, na chini yake:
saa ya ukutani, na elfu hamsini taslimu,
afike mwenyewe, na kitambulisho.

Hapo ndipo mambo yalipofuata jina.
Othmani akajaribu saini mara sita nyuma ya risiti.
Bendera akamkumbuka binamu yake wa Muheza
anayeitwa Kombo kweli, ila tangu lini
binamu yule akarudisha kitu?
Kaoneka akanyamaza sana. Saa ile aliitaka,
yeye mwenye saa ishirini na tatu.
Kisha akakikata kipande kile cha gazeti,
akakisukuma chini ya kioo,
kati ya saa ya kike isiyo na mshale
na ile ya mwalimu aliyehama bila kuifuata.

"Kwa hiyo leo tubadili jina?" nikauliza.
Mwanakheri alishafungua kalamu.
"Mtu kashinda juzi, leo mwamzika?
Sogeza taa. Moja mlalo."