Kosa la Mita Tatu

Nimeugawa uwanda wa La Mancha vyumba elfu tisa,
chini yake chokaa, ndani ya chokaa maji,
na kompyuta huyapitisha chumba hadi chumba
kama umbeya.

Mito imetii.
Mvua za miaka arobaini zimetii, hata ukame.
Ila chumba kimoja, safu ya arobaini na mbili:
mimi nasema maji yako mita thelathini na moja,
kamba ya timazi inasema thelathini na nne.

Nimelegeza mwamba, nimeukaza.
Nimemlaumu mpimaji, nimeilaumu kamba.
Mita tatu hazitoki.

Bibi alikuwa akifua kwenye Macho,
pale mto Guadiana ulipofumbuka kutoka ardhini.
Leo Macho yamepandwa shayiri.

Jumapili nikaenda kwa mjomba Eleuterio,
safu ya arobaini na mbili.
Akanikatia tikiti, maji yakanichuruzika hadi kiwikoni,
Agosti hii ambayo hata mbigili zimesalimu amri.
Nyuma ya zizi, chini ya turubai,
kuna kitu kilikuwa bado na joto.
"Kula, binti," akasema,
akiwa ameyakazia macho mashamba ya jirani.

Usiku ule ule, skrini.
Kisanduku kitupu kinauliza:
uvutaji, lita ngapi kwa sekunde?
Hakiulizi ni nani.

Nikaandika sita.
Mita tatu zikafutika, kimya,
kama hazijawahi kuninyima usingizi.

Vidole vilikuwa vinanata kwenye vibonyezo.